Wageni wa Danieli

Kwemhande, Lushoto
4 Julai 1971

Mdogo wangu mpendwa Tobia,

Shikamoo yako ya barua ya Pasaka niliipokea, na marahaba nimekaa nayo mpaka leo. Nisamehe kwa kuchelewa. Mimi kwa neema ya Mungu ni mzima, ila baridi ya mwaka huu inakata masikio. Ukungu unaingia mpaka jikoni. Mjomba Rubeni bado anaumwa mguu, lakini ulimi wake ni mzima kabisa, anawagombeza wajukuu toka asubuhi. Huku nasi tumeanza shamba la ujamaa. Kila Jumatano tunalima pamoja kule bondeni, chini ya nyumba yangu. Mwaka huu tumepanda njegere.

Sasa nikwambie jambo langu, na usicheke.

Unajua shemeji yako Danieli alifanya kazi ya bustani kule Amani miaka ishirini na miwili, akija nyumbani mara mbili au tatu kwa mwaka. Kila akija alinisimulia juu ya mtaalamu mmoja mzungu aliyesimamisha kibao bustanini, akawa anawawekea ndege chakula ili awatazame kwa karibu. Mimi nilimcheka. Nilimwambia, huku kwetu watoto tunawapa manati wawafukuze, ninyi huko mnawaandalia meza. Alipostaafu akatengeneza cha kwake hapa nyuma ya nyumba, karibu na mti wa peasi. Nguzo ya mti wa mkulo, ubao juu yake, kingo za fito ili punje zisimwagike, na miiba ameifunga chini kuzuia paka wa jirani. Kila asubuhi alikuwa akigonga ubao kwa kidole na kusema, "Karibuni, wageni wangu." Mimi niko jikoni nacheka.

Tulikaa pamoja miezi kumi na moja, Tobia. Ndoa ya miaka ishirini na mitatu, na kukaa pamoja miezi kumi na moja.

Alipofariki nilikiacha kibao kitupu. Kisha asubuhi moja akaja kurumbiza, yule mwenye kifua cha rangi ya chungwa, akatua kwenye ubao mtupu, akageuka huku na huku, akanitazama. Nikajiona kama mwanamke aliyefikiwa na mgeni akasema hakuna chakula. Nikamletea ukoko wa ugali. Kesho yake akarudi, na nyuma yake wengine. Sasa imetimia miezi sita. Naweka ndizi mbivu, na uwele kidogo ninaoununua kwa wanawake wanaopanda mlima kutoka Mazinde siku ya soko, na maji katika sahani ya bati. Maji nabadilisha kila siku, na chakula kilicholala nakifagia, maana Danieli alisema kikioza kinawaua.

Na mimi nagonga ubao kwa kidole. Nasema, "Danieli, karibu, wageni wako wamefika." Nikiwapa hao wageni wake naona kama yeye naye amekula. Basi siku yangu inaanza vizuri, naweza kusali na kwenda shamba.

Hili sijamwambia mtu. Ni lako peke yako.

Msalimie wifi Efrazia na watoto wote. Mwambie Dina soksi zake nimefikia kisigino.

Mimi dada yako,
Dorkasi


Urambo
9 Agosti 1971

Dada yangu Dorkasi,

Shikamoo. Hatujambo sote. Efrazia alikuwa na homa, sasa anapika tena. Dina yuko darasa la nne na anaulizia soksi, ingawa huku jua linaunguza mpaka nyayo. Kazi ni nyingi. Mchana nafundisha watoto, jioni nafundisha watu wazima kusoma. Mzee mmoja anaitwa Mussa amejua kuandika jina lake, na sasa ameliandika kwenye mlango, kwenye jembe na kwenye mtungi wa mkewe. Mkewe amekataa kuchotea maji mtungi wenye jina la mwanamume.

Dada, barua yako nimeisoma mara tatu.

Niruhusu nikuulize kama mdogo wako. Unapoweka chakula hicho, ni chakula tu na maji, au kuna pombe? Unaweka saa ngapi? Kaburi la shemeji liko umbali gani na hicho kibao? Na jina lake unalitaja kwa sauti?

Unakumbuka baba alipobatizwa, alivyokivunja chungu cha mizimu kwa mikono yake, ukoo mzima ukitazama. Mimi nilikuwa mgongoni kwako siku hiyo, wewe ndiye uliyenisimulia. Ulisema vigae viliruka mpaka miguuni pako. Tangu siku hiyo nyumba yetu haijatambika. Vibao vya wazungu kule Amani ni vya ndege. Cha kwako ni cha nani?

Nakuomba ukitoe. Ukipata upweke, piga magoti.

Nasema kwa upendo.
Mdogo wako,
Tobia


Kwemhande
19 Septemba 1971

Tobia mdogo wangu,

Marahaba. Namshukuru Mungu kwa kupona kwa wifi. Nimemsomea mjomba Rubeni habari za mtungi wa Mussa, akasema huyo mke ana haki.

Mwanangu, maana nilikubeba, nimecheka kwa maswali yako kuliko nilivyocheka tangu tumzike Danieli. Pombe nitaitoa wapi, mimi ninayefungua kikao cha akina mama kwa sala? Kaburi liko kule kwenye makaburi ya kanisa, kilima kizima kinatutenganisha. Chakula naweka kukipambazuka, kwa sababu ndege hawangoji saa ya ofisi. Ungeona ungeridhika. Kurumbiza anafika wa kwanza, peke yake, mwenye adabu. Wakija shore adabu imekwisha, wanagombana na kutupiana ndizi. Tetere wanaokota chini yaliyoanguka. Chozi hataki punje wala ugali, yeye ni wa maua, lakini anakuja kukaa karibu na wenzake, ananing'inia kwenye mti wa peasi kama mtu aliyekuja harusini na hali pilau.

Aliyenuna ni jirani yangu Paskalina. Wale kuzumburu wenye mikia mirefu, wanaotambaa mitini kama panya, wamezishambulia njegere za ujamaa, naye ndiye mwenye zamu ya kulinda. Juzi alisimama kwenye ua wangu na debe lake la kupigia kelele. "Wewe unawapikia," akasema, "sisi unatuachia kazi ya kuwafukuza." Nikamjibu wakishiba kwangu kwenu watakula kidogo. Akasema hata mume wa mtu husema hivyo. Tukacheka, akaondoka bado amenuna. Jumatano hii nilikwenda kushika zamu yake ya debe, tukawa sawa.

Kuna jambo moja silielewi. Mzee wa kanisa, Nikodemo, amepita hapa mara mbili alfajiri, akasimama uani, hakubisha hodi. Namwamkia, anaitikia na kwenda zake. Jumapili iliyopita alipokuwa akigawa barua baada ya ibada niliona bahasha yenye mwandiko wako. Nikanyoosha mkono. Akasema, "Hii ni yangu, mama." Nilifurahi kwamba unamwandikia na yeye, ni mtu mzima na mpweke pia. Lakini yangu siku hiyo haikuwepo, ilifika nyuma yake.

Andika upesi.
Dada yako,
Dorkasi


Kwemhande
12 Desemba 1971

Tobia,

Natumaini mko wazima. Mjomba Rubeni anawasalimu. Tarehe tisa watu wote walikwenda Lushoto mjini kwenye sherehe za miaka kumi ya Uhuru, kulikuwa na ngoma na gwaride la wanafunzi. Mimi nilibaki nyumbani. Sikuwa na uso wa kwenda.

Jumamosi iliyotangulia niliitwa kwenye baraza la wazee wa kanisa. Walikuwa watano. Mchungaji hakuwepo, alikuwa mtaa mwingine. Nikaketishwa kwenye kiti peke yake, kile wanachowekewa maharusi. Nikodemo akaomba. Kisha akaniuliza kama ninamlisha marehemu mume wangu.

Nikamwambia nalisha ndege.

Akatoa karatasi kwenye Biblia yake, akavaa miwani, akasoma. "Nikiwapa hao wageni wake naona kama yeye naye amekula." Akaniuliza maneno hayo ni ya nani.

Nikasema ni yangu.

Mmoja wa wazee akasema kwa upole kwamba wajane wengi huanza hivyo, leo ugali na maji, kesho pombe ya boha, kesho kutwa mbuzi. Wakaamua nitengwe na Meza ya Bwana mpaka Pasaka. Kibao kiondolewe, kisha nisimame mbele ya washarika nitubu. Kisipoondolewa, Pasaka nayo itapita na mimi nikiwa nje.

Maneno yale nimeyaandika mara moja tu katika maisha yangu, na sijapata kuyasema kwa mtu. Sikumwuliza Nikodemo ameyapata wapi. Niliogopa kwamba angenijibu.

Nakuuliza wewe. Barua yangu ya Julai iko wapi?

Leo wameshiriki. Nilikaa benchi la nyuma na akina mama wanaonyonyesha. Safu yetu iliposimama kwenda mbele nilisahau, nikasimama nao. Ikabidi nikae tena.

Kibao hakijaondolewa.

Dorkasi


Urambo
16 Januari 1972

Dada yangu mpendwa Dorkasi,

Shikamoo dada. Shikamoo tena. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mjomba, na ng'ombe wako, na majirani wote. Sisi hatujambo. Mvua zimeanza vizuri, mahindi yamefika magotini. Efrazia anakusalimu sana. Dina anakusalimu. Tumejenga darasa la pili kwa matofali ya kuchoma na nusu ya bati tumeshapata. Mzee Mussa sasa anasoma Zaburi, anafuata kwa kidole.

Naona nimeandika nusu ukurasa na bado sijakujibu.

Barua yako ya Julai iko hapa, kwenye sanduku. Ile ya Septemba na ya Desemba ziko mezani, na kila nikikaa kusahihisha madaftari nazigeuza chini uso. Ni mimi. Nilimwandikia Nikodemo mwezi wa Agosti, siku ileile niliyokuandikia wewe. Sikungoja jibu lako. Nilimnakilia mstari ule ili aelewe kwa nini nina hofu, nikamwomba akuangalie kwa siri, kama baba. Sikujua atausoma barazani. Lakini nilijua ni mzee wa kanisa, kwa hiyo sina pa kujificha.

Hofu yangu haikuwa kwa ajili yako tu. Nataka uujue ukweli wote. Mchungaji wa huku ananitaka niwe mwinjilisti wa kijiji chetu kipya. Aliniuliza kama katika nyumba ya baba yangu kuna mtu aliyerudi kwenye mizimu. Nikamjibu hakuna. Wiki ileile ikafika barua yako. Nikahisi nimesema uongo mbele ya madhabahu.

Na kuna lingine ambalo hulijui, kwa sababu ulikuwa umeshaolewa. Yule mtoto wa mwisho wa mama alipokufa, mama alikuwa akiweka uji nyuma ya nyumba, katika kifuu. Mimi niliona. Nikamwambia baba. Baba hakumpiga, lakini hakula chakula cha mkono wake mpaka masika yakapita. Alikuwa akila kwa mjomba Rubeni. Mama hakujua nani amesema. Alikuwa akinipa mimi chakula cha baba, ananiambia, kula wewe mwanangu, wewe huna ubaya na mimi.

Sasa nimefanya mara ya pili.

Nimemwambia mchungaji hapa kwamba asinihesabu. Nitamwandikia Nikodemo aichome ile barua. Dada, hamia kwetu. Nyumba ni ndogo lakini kuna watu. Nitakuja kukuchukua shule zikifungwa, kama utakubali kuniona.

Mdogo wako,
Tobia


Kwemhande
27 Februari 1972

Tobia,

Marahaba. Salamu zote nimezipokea. Soksi za Dina nimezikabidhi kwa kijana wa mwalimu mkuu anayekuja huko, zimeshakuwa ndogo bila shaka.

Usimwandikie Nikodemo. Subiri nikwambie.

Alikuja Jumanne, ukungu bado haujapanda, na panga mkononi. Akasema baraza limemtuma, kibao kishuke kabla ya Pasaka, na kama mimi sina nguvu atakishusha mwenyewe. Nikamwambia ni sawa, lakini mtu hafanyi kazi kwangu na tumbo tupu. Nikamtolea kiti nikamweka pale mlangoni pa jikoni, nikampa chai. Kisha nikaweka ndizi na uwele kama kila siku, nikagonga ubao, nikasema maneno yangu kama kila siku. Sikushusha sauti.

Akaja kurumbiza. Tobia, yule mzee ana miaka sabini, na nafikiri ndege wote aliopata kuwaona ni wale anaowarushia mawe. Kikombe kilibaki hewani. Wakaja shore na ugomvi wao. Akacheka, akajizuia, akacheka tena. Mpaka chai ikapoa.

Akaniambia, "Dorkasi, sema kwamba ni ndege tu. Nami nitawaambia wazee nimeona kwa macho yangu."

Nilikuwa na njia hapo. Mlango wazi kabisa. Nikafungua mdomo niseme, nikaona siwezi. Nitapokeaje mwili wa Bwana kwa mdomo uliosema nusu?

Nikamjibu, "Ni ndege, mzee. Lakini nawawekea nikimwita Danieli."

"Anakuja?"

"Haji."

"Basi unamwitia nini?"

Nikamwambia nyumba iko kimya. Nikamwambia nilimcheka miaka ishirini na miwili juu ya hao ndege, na sasa ningependa ajue nimeacha kucheka. Ndiyo yote. Wala sijui kama ni tambiko au si tambiko, shule yangu ni ya darasa la nne la misheni. Yeye ndiye mzee wa kanisa, aseme.

Aliweka kikombe chini. Unajua mkewe alifariki mwaka ule wa mafuriko. Kisha akasimama, akaenda kwenye kibao na panga lake, nami nikageuza uso. Nikasikia anakata. Nilipotazama, alikuwa ameondoa ile miiba ya Danieli iliyokwisha kuoza, anakata mipya kwenye ua, anaifunga kwenye nguzo. Akamaliza, akafuta panga kwenye nyasi.

"Kibao kibaki," akasema. "Jina liache."

Basi. Nitaliacha. Nitasimama mbele ya washarika niseme nililokosea, nami nitasema kweli.

Kuhusu wewe. Nimekusamehe, kwa sababu nimeamriwa. Moyo unakuja nyuma polepole, uungoje. Habari ya mama na kile kifuu imenikalisha siku mbili. Nafikiri alijua ni nani aliyesema. Ndiyo maana akakupa chakula.

Kuhama siwezi. Nani atawabadilishia maji?

Dada yako,
Dorkasi


Kwemhande
9 Aprili 1972

Mdogo wangu Tobia,

Salamu kwa wote, wifi Efrazia hasa, na Dina. Mjomba Rubeni sasa anatembea kwa fimbo, kwa hiyo hakuna tena aliye salama. Njegere za ujamaa zilivunwa, tukagawana, Paskalina akapimiwa sahani moja zaidi kwa ajili ya kulinda.

Nimerudi mezani. Ilikuwa Pasaka, kanisa limejaa mpaka nje. Nilisimama nikasema nilikuwa nikimwita marehemu mume wangu na sitamwita tena. Kisha wakaimba, nikaenda mbele na safu yangu, na safari hii sikukaa. Nikodemo alinitolea kitabu cha nyimbo. Namshukuru Mungu, na namaanisha.

Kesho yake alfajiri nikatoka na ndizi na uwele. Nikaweka. Nikasimama nimefunga mdomo kama nilivyoahidi.

Hawakuja.

Walikuwepo. Niliwaona kwenye mti wa peasi, kurumbiza chini kabisa karibu na shina, shore juu, wote wananitazama. Wamezoea kuitwa, Tobia. Mwaka mzima na zaidi wameitwa kabla ya kula. Nilisimama mpaka miguu ikafa ganzi. Nikaingia ndani, nikachungulia dirishani. Hakuna. Siku ya pili vilevile, na ndizi zikawa nyeusi nikazifagia. Nikafikiri, basi, kumbe meza zote mbili hazikai katika mkono mmoja.

Siku ya tatu nikawa na barua yako mfukoni mwa aproni, ile ya Januari, naibeba kama ninavyobeba kila kitu. Nikagonga ubao kwa kidole. Nikasema kwa sauti:

"Tobia, karibu, wageni wako wamefika."

Wakashuka wote. Shore karibu wampige kikumbo kurumbiza.

Leo baada ya ibada nimemweleza Nikodemo mwenyewe, ili asije akasikia kwa mtu mwingine. Nikamwambia, mtu aliye hai hatambikiwi. Akavua miwani, akaivaa. Akauliza tu kama uwele unatosha.

Kwa hiyo ujue. Kila siku kukipambazuka unaitwa hapa, na wapo wanaokungoja.

Kiti kile cha mlangoni pa jikoni sijakirudisha ndani.

Dada yako aliyekubeba,
Dorkasi